Sauti nne zilizonyamaza: Bi Kidude, Juma Bhalo, Zein na Bi Shakila

Kila mwaka ukimalizika, wapenzi wa taarab hapa pwani huhesabu waliotangulia mbele ya haki. Mwaka mwingine huwa ni mwimbaji anayejulikana na kila nyumba. Mwaka mwingine huwa ni mpiga fidla ambaye jina lake walilijua wenziwe wa chamani tu. Lakini kuna kipindi kimoja ambacho waliokiona hawakisahau. Kati ya Aprili 2013 na Agosti 2016, muda wa miaka 3 na miezi 4 hivi, tulizika sauti nne ambazo ndizo zilizobeba taarab ya karne iliyopita kutoka Unguja hadi Lamu: Bi Kidude, Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Bi Shakila.

Vijana wananiuliza hawa walikuwa nani hasa, nani aliimba nini, na kwa nini wazee wakisikia kanda ya Bhalo hukaa kimya. Makala haya ni ya kuweka kumbukumbu hizo mahali pamoja. Na mwisho nitasema neno juu ya jambo linaloniuma, nalo ni yale waliyoacha: yako wapi, na ni mali ya nani.

Bi Kidude (alifariki 2013)

Jina lake la kuzaliwa ni Fatuma binti Baraka. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, na babake alikuwa muuza nazi. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote, na yeye mwenyewe alikuwa akihesabu umri wake kwa sarafu na matukio ya zamani zake. Wengi walikubali kuwa ama alipita miaka 100 au aliikaribia sana. Alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013.

Bi Kidude hakusomeshwa muziki darasani. Aliokota nyimbo kwa kusikiliza, na shule yake kubwa ilikuwa ni nyimbo za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na aliyefariki 1950. Nyimbo za Siti zilipoanza kusahaulika, Bi Kidude alikuwa bado anaziimba. Wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe vijana wengi wameujua kwa sauti yake.

Kazi yake ya pili, na yeye huenda angesema ndiyo ya kwanza, ilikuwa ni unyago. Alifunga ngoma kubwa kiunoni akaipiga kwa nguvu ambazo wanaume wa nusu ya umri wake hawakuwa nazo, akiwafunda wasichana mambo ya utu uzima. Dunia ilimgundua akiwa bibi kizee. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na 2006 ikatoka filamu ya maisha yake, As Old as My Tongue, iliyotengenezwa na Andy Jones. Alikuwa na mambo yake ambayo si kila mtu aliyapenda, na hayo ni baina yake na Mola wake. Sisi tunachoshuhudia ni kwamba alikuwa daraja: upande mmoja Siti, upande wa pili sisi.

Juma Bhalo (alifariki 2014)

Mohamed Khamis Juma Bhalo alizaliwa Malindi mwaka 1942, na Mombasa ndiyo iliyomfanya kuwa Bhalo. Alifariki Aprili 2014.

Kwa asiyejua, taarab ya Mombasa ina njia zaidi ya moja, na mojawapo tunaiita taarab ya kihindi. Katika miji yetu sinema zilikuwa zikijaa filamu za Bombay. Watu wazima walioingia Regal na Naaz watakumbuka jinsi watu walivyotoka wakiimba tuni wasiyoijua maana yake. Bhalo hakuwa wa kwanza kuchukua tuni hizo, lakini yeye ndiye aliyezifikisha kilele. Alichukua tuni ya filamu, akaipigia kinanda na tabla, akaivisha shairi la Kiswahili lililopimwa vina na mizani, kisha akaliimba kwa mikunjo ya sauti ya kihindi bila ya kupoteza hata neno moja la Kimvita. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Shairi lina mizani yake na tuni ina yake, na mwimbaji akishindwa kuzipatanisha, ama maneno yatakatika ama tuni itapinda. Kwa Bhalo hakukatika kitu.

Nyimbo zake zilikuwa za mapenzi, lakini mpenzi wa Bhalo alikuwa ni mtu wa mafumbo. Shairi moja liliweza kuwa ni la mke aliyeondoka, au la rafiki aliyesaliti, au la siasa za mtaa. Harusini kila mtu alisikia lake, na kutuza kulikuwa ni kujibu: mtu anayeinuka na noti ubeti fulani unapofika alikuwa anawaambia watu wote kwamba ubeti ule umemgusa, au umemgusa jirani yake. Mwaka 2007 aliaga jukwaa, na miaka saba baadaye akaaga dunia.

Zein l'Abdin (alifariki 2016)

Zein l'Abdin Ahmed Alamoody alikuwa mzaliwa wa Lamu, wa miaka ya 1930, kisha akahamia Mombasa. Ikiwa Bhalo alikuwa ni koo, Zein alikuwa ni vidole. Katika upigaji wa udi hapa kwetu wako wengi wazuri, lakini Zein alikuwa peke yake. Udi wake haukufuata sauti nyuma kama mtumishi. Ulijibizana nayo: akiimba mstari, udi unauliza, akinyamaza, udi unamaliza maneno.

Mtindo wake ulielekea upande wa pili wa bahari kuliko ule wa Bhalo. Mmoja aliangalia Bombay, mwingine aliangalia Yemen na Misri. Zein aliimba Kiswahili na Kiarabu, na Kiswahili chake kilikuwa ni kile cha Lamu chenye maneno ambayo leo mtoto wa Mombasa hulazimika kumwuliza nyanyake. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa albamu ya kundi lake, Zein Musical Party, iitwayo Mtindo wa Mombasa. Mpaka leo mgeni akitaka kujua taarab ya Kenya ni nini, mimi humwelekeza huko kwanza.

Bi Shakila (alifariki 2016)

Shakila Saidi alikuwa ni mtu wa Pangani, mkoa wa Tanga, na aliyevuka Lunga Lunga na Horohoro anajua kwamba taarab haikuwahi kuutambua mpaka ule. Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na vikundi viwili vilivyotikisa pwani nzima, Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, na Shakila aliimba katika vyote viwili. Baadaye aliingia katika taarab ya jeshi huko Dar es Salaam. Alifariki 19 Agosti 2016.

Watanga walileta mageuzi. Badala ya okestra kubwa ya Unguja yenye fidla nyingi na ganuni, wao walikuwa na kikundi kidogo, gitaa la umeme, gitaa la besi na mdundo unaochezeka. Mombasa ikasikia na ikafuata. Juu ya vyombo hivyo vya haraka Shakila aliweka sauti ya taratibu, yenye huzuni, isiyo na pupa. Macho Yanacheka na Kifo cha Mahaba ni nyimbo ambazo hata asiyependa taarab anazijua. Albamu ya Nyota, iliyokusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star, ilitolewa na GlobeStyle mwaka 1989, na mle ndani Shakila bado yu kijana.

Washairi waliokuwa nyuma yao

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa katika kukumbuka. Mwimbaji akifa twamtaja. Mshairi aliyemtungia hatumtaji, wala hatujui kama yuko hai.

Nyimbo nyingi za Bhalo zilitungwa na jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971 na ikasomwa mashuleni. Watoto waliosoma diwani ile darasani asubuhi walimsikia mtunzi yuleyule harusini usiku kwa sauti ya Bhalo, na wengi hawakujua kuwa ni mtu mmoja. Zein naye alishirikiana na Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu, bingwa wa mashairi ya kale ambaye pia ndiye anayetajwa kwa maneno kama runinga na ngamizi.

Hao wawili tunawajua kwa sababu walichapisha vitabu. Wangapi walitunga na hawakuchapisha? Wangapi walikuwa ni wanawake waliotunga ndani ya nyumba, wakampa mwimbaji karatasi, na karatasi ikapotea? Siti binti Saad tunamjua leo kwa undani kwa sababu Shaaban Robert aliketi akaandika Wasifu wake. Kalamu moja imemhifadhi mtu mmoja kwa vizazi. Nauliza: ni nani amekaa na wazee wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu kuandika wasifu wao wangali hai?

Kanda ya shangazi

Nina sababu yangu ya kuuliza. Shangazi yangu alikuwa na debe la biskuti lililojaa kanda za kaseti. Nyingi hazikuwa za dukani. Zilirekodiwa harusini, kaseti imewekwa karibu na spika, na ndani yake unasikia mwimbaji, vigelegele, sahani, na mtu anayemwita mwanawe. Kila kanda ilikuwa na karatasi yenye mwandiko wake: nani aliimba, harusi ya nani, mtaa gani. Na kila kanda aliivunja vile vijino viwili vya nyuma, ili isiweze kurekodiwa juu yake.

Siku moja, mimi nikiwa kijana wa shule, nilitaka kurekodi matangazo ya mpira kwenye redio na sikuwa na kanda tupu. Nilichukua moja yake. Nikaziba vile vitundu kwa seloteipu, nikabonyeza kitufe. Dakika 45 za Bhalo katika harusi ya mtaani kwetu zikafutika kwa sababu ya mechi ambayo leo sikumbuki hata ni nani aliyefunga bao. Shangazi alipojua hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ile haikuwa na pacha." Sikumuelewa. Nilimuelewa Aprili 2014, msiba wa Bhalo ulipotangazwa, nikatafuta ubeti fulani niliokuwa nikiusikia utotoni na nisiupate popote.

Shangazi naye ametangulia. Zile kanda nyingine tulipozifungua baada ya arubaini, nusu zilikuwa zimeota ukungu.

Kaseti ni yako, wimbo ni wa nani?

Jambo la pili ni la haki. Msanii wetu akifa, watu hukusanyika kugawa mirathi: nyumba, shamba, deni, mahari iliyobaki. Nyimbo hazitajwi. Hali ya kuwa, kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ni mali inayohamishika kama mali nyingine, na hurithiwa.

Mambo ya kujua ni haya. Shairi na tuni vinalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hivyo tuni aliyoitunga Zein mwenyewe inalindwa hadi mwisho wa 2066. Shairi linahesabiwa kwa mtunzi wa shairi, si kwa mwimbaji. Tuni ya filamu ya Kihindi ina mwenyewe, hata ikiwa maneno ya Kiswahili ni yetu. Rekodi nayo inahesabiwa peke yake, miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya 1970 muda wake uliisha 2020, lakini shairi lililomo ndani laweza kuwa bado linalindwa.

La muhimu zaidi: kuuza hakimiliki kunahitaji maandishi yaliyotiwa saini. Wazee wengi walilipwa pesa za siku ile, wakarekodi, wakaenda zao. Anayesema leo kwamba zamani alizinunua nyimbo za babako na aonyeshe karatasi. Na wewe uliye na kaseti ndani ya kabati unamiliki ile plastiki, humiliki wimbo. Kuuokoa usipotee ni wema. Kuuza nakala bila ya wenyewe ni jambo jingine.

Kwa familia za Kiislamu, mirathi hupelekwa kwa Kadhi iwapo wote wahusika ni Waislamu na wameridhia, kama Kifungu cha 170 cha Katiba kinavyosema. Mnapoandika orodha ya mali ya marehemu aliyekuwa msanii au mshairi, andikeni nyimbo zake na diwani zake pia. Hata kama leo hazileti shilingi, ziandikwe. Yatima wa msanii ana haki ileile ya yatima wa mwenye nyumba. Usajili wa kazi zenyewe hufanywa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Wako watakaosema kwamba maiti hahitaji nyimbo zake, ahitaji dua. Ni kweli, na dua iwe ya kwanza. Sina elimu ya kutoa fatwa juu ya ala na nyimbo, na wenye elimu wamekwisha kuzungumza kwa kutofautiana. Lakini lugha iliyomo ndani ya kanda zile, zile hekima, yale majina ya mitaa na ya vyakula na ya pepo za bahari, ni amana. Na haki ya mrithi haina tofauti kwa yeyote.

Namna ya kuokoa kilichobaki

Kama una kanda nyumbani, fanya haya kabla ya msimu wa mvua ujao. Zitoe penye joto na unyevu, na uziweke mbali na spika kwa sababu spika ina sumaku. Zisimamishe wima ndani ya visanduku vyake. Yenye ukungu mweupe usiichezeshe hata kidogo, kwani utachafua kichwa cha redio na kuharibu nyingine zote; itenge, impelekee anayejua kusafisha. Iliyo nzima vunja vijino vyake, na usizibe vitundu kama nilivyofanya mimi. Ichezeshe kwenye mashine safi iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, si kwa kuweka simu mbele ya spika. Hifadhi faili kamili isiyobanwa, kisha toa nakala ndogo ya kutuma kwa simu. Weka nakala tatu mahali tofauti.

Halafu, na hili ndilo linalosahauliwa, andika. Nani anaimba. Nani ametunga. Nani yuko kwenye udi, tabla, tashkota. Harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani. Mketishe mzee asikilize, umwulize huku anasikiliza, kwa sababu wimbo humkumbusha mtu mambo ambayo swali kavu haliwezi.

Zipo kazi zilizokwisha kufanywa. Mbwana Radio Service ya Mombasa ilirekodi na kuuza kanda za waimbaji wetu kwa miaka mingi. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wa Zanzibara, ilitoa toleo la pili lote la taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Tunashukuru. Lakini tuitazame ile orodha: Uingereza ndiyo iliyotoa Zein na Shakila, Ufaransa ndiyo iliyotoa Mombasa. Nyimbo zilizoimbwa kwa Kiswahili katika nyua zetu, tukitaka kuzisikia vizuri, twaziagiza Ulaya.

Bi Kidude, Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Bi Shakila, Mwenyezi Mungu awarehemu na awasamehe, pamoja na wapigaji na washairi wote ambao hatukuwataja kwa kutowajua. Na kama kwenu kuna mzee aliyewahi kushika udi au kuandika shairi la harusi, nenda ukamwamkie leo. Chukua daftari.